Mtoto Anayeogopa Mvua



Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang yenye miamba dhaifu ilimeguka. Tope, mawe na magogo vikateremka mpaka mji wa Katesh na vijiji vya jirani, kama Gendabi na Jorodom. Watu zaidi ya 80 walifariki. Mwenyezi Mungu awarehemu, na awape subira wafiwa.

Nyumba hujengwa upya, na barabara hutengenezwa. Lakini liko jambo lisiloonekana kwa macho, nalo ni khofu inayobaki ndani ya moyo wa mtoto. Wingu likitanda juu ya mlima, mtoto aliyeyaona hayo aweza kutetemeka, kukosa usingizi, kukojoa kitandani au kukataa kwenda shule. Hata mtoto wa Mbulu, aliyefiwa na jamaa zake wa Hanang, aweza kupatwa na hali hiyo. Je, sisi wazee tumfanyieje?

Wengi wetu humwambia, "Nyamaza, usilie, sahau." Nia ni njema, lakini dawa hiyo haifai. Mkataze mtu asifikiri juu ya tope, na papo hapo atalifikiri. Khofu iliyokatazwa haiondoki, bali hujificha.

Kwa sababu hiyo wataalamu wametunga tiba ya kukubali na kuhudhurisha moyo. Katika Marekani, Bwana Jon Kabat-Zinn alianza mwaka 1979 kuwafundisha wagonjwa kuhudhurisha moyo, na Bwana Steven Hayes akaanzisha tiba ya kukubali katika miaka ya 1980. Mwaka 2008 Bibi Laurie Greco na Bwana Hayes walitoa kitabu kinachoeleza jinsi ya kuwatibu watoto na vijana kwa njia hizo.

Tiba hii ina mambo matatu. La kwanza ni kuikubali khofu kuwa ipo, bila ya kuionea haya. La pili ni kuurudisha moyo mahali mtu alipo sasa. La tatu ni kutenda jambo lenye maana, hata kama khofu bado ipo.

Kukubali si kukata tamaa, wala si kuufurahia msiba. Bwana Mtume Muhammad (s.a.w.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim, naye ndiye mwalimu wetu wa subira. Basi mtoto anayelia asiambiwe kwamba imani yake ni pungufu.

Tuseme mvua imeanza, na mtoto amekukimbilia. Keti karibu naye. Mwambie, "Naona unaogopa, nami nipo hapa." Mwulize khofu iko wapi mwilini: kifuani, au tumboni? Kisha avute pumzi polepole pamoja nawe, na azisikie nyayo zake juu ya ardhi. Mtie kokoto mkononi, akueleze rangi yake, uzito wake na ubaridi wake. Dakika tatu zatosha kwa mtoto mdogo. Akitulia kidogo, mpe kazi ndogo anayoipenda, kama kumlisha ndama au kumsomea mdogo wake. Ama kijana, usimhubirie. Mwulize ni jambo gani analolithamini, na ni hatua gani ndogo aweza kuichukua leo kulielekea.

Lakini tahadhari! Kuikubali khofu si kuidharau hatari. Mvua ikizidi, na wenye mamlaka wakaamrisha watu wahame, hameni upesi. Na mtoto aelezwe mapema njia ya kupitia, kwani kujua la kufanya hupunguza khofu.

Je, njia hii yafaa watu wa nchi zetu? Katika kambi ya Rhino, Uganda, wanawake wakimbizi 694 kutoka Sudan Kusini waliingizwa katika uchunguzi, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2020. Waliofundishwa njia ya kukubali, kwa vikao vitano vya sauti iliyorekodiwa na kitabu cha picha, walikuwa na dhiki ndogo kuliko wenzao hata baada ya miezi mitatu. Hao walikuwa watu wazima, lakini mama aliyetulia ni nusu ya dawa ya mwanawe.

Hata hivyo, tiba hii si ya kila mtu. Uchunguzi uliotangazwa Uingereza mwaka 2022, katika shule 84, ulionyesha kwamba kuwafundisha wanafunzi wote darasani kuhudhurisha moyo hakukuwapa faida kuliko masomo yao ya kawaida. Kwa hiyo tusidhani kwamba somo la ubaoni latosha. Mwenye khofu ahitaji mtu wa kukaa naye.

Na mtoto ambaye mwezi umepita naye bado halali, hali, wala hachezi, au anayesema kwamba ataka kufa, asifichwe nyumbani. Apelekwe upesi hospitali au kwa afisa wa ustawi wa jamii. Kuugua moyo si aibu, kama kuvunjika mguu kusivyokuwa aibu. Mvua za Hanang zitarudi kila mwaka, nasi tuanze leo kuwaandaa watoto wetu.