Bunduki ya Sungura: Kuchagua .22 kwa Shamba la Australia

Sungura wa Ulaya ana uzito wa kilo moja na nusu hadi mbili. Hutoka kula alfajiri na jioni, na hapendi kwenda mbali na mashimo aliyoyachimba, ili akishtuka tu ajitose ndani. Anapoinua kichwa kusikiliza, mahali ambapo risasi ikimpata atakufa papo hapo hapazidi sentimita tano kwa upana. Bunduki ndogo ya kumwindia hupimwa kwa sentimita tano hizo. Nguvu huja baadaye.

Huyu si sungura wa porini wa Tanzania au Kenya, ambaye hulala juu ya ardhi katikati ya majani na hachimbi shimo. Huyu huchimba na huishi kwa makundi, na jike mmoja huzaa mara kadhaa kwa mwaka. Mwaka 1859 Thomas Austin, mfugaji tajiri wa Victoria, aliletewa sungura 24 kutoka Uingereza na kuwaachia katika shamba lake la Barwon Park ili wageni wake wapate cha kuwinda. Haikupita miaka hamsini wakawa wameenea katika sehemu kubwa ya kusini mwa Australia. Kati ya mwaka 1901 na 1907 serikali ya Australia Magharibi ilijenga uzio wa zaidi ya kilomita 1,800 kuwazuia, nao wakaupita. Mwaka 1950 walipandikiziwa virusi vya miksomatosi, wakafa kwa mamilioni, kisha waliobaki wakazaa watoto wenye kinga. Mwaka 1995 virusi vya aina nyingine vilivyokuwa vikifanyiwa majaribio katika kisiwa cha Wardang vilivuka hadi bara, na hadithi ikawa ileile. Mahali pengine sungura mmoja tu kwa hekta anatosha kuzuia miche ya miti ya asili isikue kamwe.

Bunduki haiwezi kumaliza tatizo la ukubwa huo. Mkulima mwenye mamia ya sungura huanza na sumu, kisha trekta la kuvunjavunja mashimo, kisha moshi wa kuua waliojificha chini. Bunduki ina kazi kwa wale wachache waliobaki, kwa maeneo ya karibu na nyumba ambako sumu ingeua mbwa, na kwa anayetaka nyama. Kwa kazi hizo hakuna chombo kinachoishinda bunduki ndogo inayotumia risasi zenye fataki ya ukingoni.

Katika risasi kubwa, fataki inayowasha baruti imewekwa katikati ya kitako cha ganda. Katika risasi ndogo za aina hii, fataki imepakwa ndani ya ukingo wa ganda kuzunguka pande zote, na pini ya bunduki huuponda ukingo huo ili kuiwasha. Ili ukingo upondeke, ganda lazima liwe jembamba, na ganda jembamba haliwezi kuhimili msukumo mkubwa wa baruti. Sifa zote za risasi hizi zinatokana na jambo hilo: ni dhaifu ukilinganisha na nyingine, ni za bei nafuu, hazipigi kelele sana, teke lake begani halisikiki, na ganda likishatumika halijazwi tena. Kampuni ya Smith & Wesson ilitoa risasi ya kwanza ya .22 (yaani kipenyo cha takriban inchi 0.22) ya namna hii mwaka 1857 kwa ajili ya bastola ndogo. Mwaka 1887 ikaja .22 Long Rifle, ambayo hadi leo ndiyo inayotumiwa zaidi.

Mwenye kuchagua bunduki kwanza huchagua risasi, na risasi za kufikiria kwa dhati ni tatu.

.22 Long Rifle hurusha kichwa cha madini ya risasi chenye uzito wa gramu 2.6 hivi. Huuzwa kwa kasi mbalimbali, na hapo ndipo wengi hukosea kwa kudhani kwamba ya kasi zaidi ndiyo bora. Ile ya taratibu huondoka kwa takriban mita 320 kwa sekunde, chini kidogo ya kasi ya sauti. Kwa hiyo haitoi ule mlio mkali wa kupasua hewa, na mara nyingi sungura waliobaki huinua vichwa tu, wakatazama, wakaendelea kula. Ile ya kasi hufikia karibu mita 380 kwa sekunde, lakini hupoteza mwendo huo haraka inaporudi chini ya kasi ya sauti, na kwa sababu hiyo upepo wa pembeni huisukuma zaidi kuliko ile ya taratibu. Kwa sungura, ya taratibu yenye kichwa chenye tundu mbele inatosha kabisa. Tundu hilo huifanya risasi itanuke inapogonga na kuua upesi.

Udhaifu wake ni kushuka. Bunduki iliyolengwa sawasawa kwa mita 50, ikitumia risasi ya taratibu, hupiga chini kwa sentimita nane au tisa kwenye mita 75, na kwenye mita 100 hushuka karibu robo ya mita. Mpigaji aliyekosea kukadiria umbali kwa mita kumi na tano tu anaweza kumvunja sungura taya au mguu, na mnyama aliyejeruhiwa hujitosa shimoni akafa kwa siku kadhaa gizani. Hilo ni jambo baya, nalo linaepukika. Mita 60 au 70 ndizo mpaka wa risasi hii kwa mpigaji mzuri, na anayeanza anafaa kukaribia hadi 40.

.17 HMR ilitolewa na kampuni ya Hornady mwaka 2002. Kichwa chake kina gramu 1.1 tu, lakini huenda kwa zaidi ya mita 770 kwa sekunde. Ikilengwa kwa mita 100, kwenye mita 50 huwa juu kwa sentimita moja hivi, kwa hiyo makosa ya kukadiria umbali hayamwadhibu mpigaji. Inafaa kwa malisho mapana ambako sungura hawakaribiki. Hata hivyo ni nyepesi, na upepo wa kilomita 16 kwa saa ukivuma kutoka pembeni unaweza kuihamisha sentimita kumi kwenye mita 100. Mlio wake ni mkali, bei yake ni mara kadhaa ya .22, na ikimpiga sungura kifuani huharibu nyama ya mbele yote.

.22 Magnum, iliyoanza kuuzwa mwaka 1959, ina nguvu kuliko zote mbili. Kwa sungura wa kuliwa imezidi kiasi. Mahali pake ni kwa mkulima anayesumbuliwa pia na mbweha wanaokamata wana-kondoo, kwani .22 ya kawaida ni dhaifu mno kwa mbweha isipokuwa akiwa karibu sana.

Ardhi nayo ina sauti katika uchaguzi huu. Risasi nzito ya mwendo wa taratibu inapogonga jiwe au udongo uliokauka kwa jua la kiangazi haivunjiki. Hudunda na kuendelea na safari kwa upande usiotabirika. Ikirushwa juu bila kizuizi, .22 inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Kichwa chepesi cha .17 huvunjika vipande kinapogonga, hivyo hudunda mara chache zaidi, ingawa hakuna risasi isiyodunda kabisa. Popote pale, nyuma ya sungura pawe na udongo laini au mteremko wa kuipokea risasi. Sungura aliyesimama kileleni mwa kilima, nyuma yake mbingu tupu, hapigwi.

Kuhusu umbo la bunduki, ile ya bolti, inayofunguliwa na kufungwa kwa mkono kila risasi, ndiyo inayofaa wengi. Ni imara, husafishika kwa urahisi, na hufanya kazi kwa risasi za kasi yoyote. Ya kujipakia yenyewe huhitaji msukumo wa kutosha kuendesha mitambo yake, na risasi za taratibu mara nyingi huikwamisha. Ruger 10/22, iliyotoka mwaka 1964, ni maarufu mno Marekani, lakini nchini Australia mkulima wa kawaida hawezi kwenda dukani akainunua hivihivi. Baada ya watu 35 kuuawa kwa bunduki huko Port Arthur mnamo Aprili 1996, majimbo yote yalikubaliana kuweka bunduki za .22 zisizojipakia katika daraja A, lililo jepesi zaidi, na zinazojipakia katika daraja C, lenye masharti makali. Kila mnunuzi huhitaji leseni na sababu halali, na kujilinda hakuhesabiwi kuwa sababu. Kiwambo cha sauti, kitu cha kawaida kwa wawindaji wa New Zealand na Uingereza, kimepigwa marufuku kwa wawindaji wa kawaida katika sehemu kubwa ya Australia. Hiyo ni sababu nyingine ya kupenda risasi ya taratibu.

Bunduki za bolti zilizo nzuri si haba: CZ za Jamhuri ya Cheki, Tikka T1x ya Ufini, Anschütz ya Ujerumani kwa mwenye fedha, na LA101 iliyotengenezwa Lithgow, New South Wales, mji ambao kiwanda chake kimetengeneza silaha tangu mwaka 1912. Jina la kampuni lisimzuie mtu kuishika bunduki na kuiweka begani kabla ya kulipa. Kitako kikiwa kirefu, jicho halifikii darubini ila kwa kunyoosha shingo; kikiwa kifupi, kidole gumba hugonga pua. Mtoto au mtu mdogo wa umbo apewe kitako cha kipimo chake. Kifyatulio kiachie kwa msukumo mdogo usio na mkwaruzo, lakini kisiwe chepesi kiasi cha kuachia bunduki ikigongwa. Mtutu mrefu hauna faida hapa: baruti ya .22 humaliza kazi yake ndani ya sentimita 40 hivi, na mtutu mfupi hubebeka vizuri vichakani.

Darubini inunuliwe ile iliyotengenezwa kwa bunduki ndogo. Nyingi za bunduki kubwa zimerekebishwa kwa umbali wa karibu mita 100, na mpigaji akizitumia kwa mita 40 anaweza kuona alama ikihama kila anaposogeza jicho. Ukuzaji wa mara nne hadi tisa unatosha.

Kisha bunduki ichaguliwe chakula chake. Mitutu miwili iliyotoka kiwandani siku moja inaweza kupenda risasi tofauti, na hakuna anayejua ni ipi kabla ya kujaribu. Njia ni kununua pakiti mojamoja za aina tano au sita, kutulia juu ya mfuko wa mchanga, na kupiga matundu matano ya kila aina kwenye karatasi mita 50 mbele. Aina itakayoweka matundu yote ndani ya sentimita mbili na nusu inunuliwe kwa wingi, tena ya toleo lilelile. Risasi zisizo na madini ya risasi nazo zijaribiwe, kwa kuwa tai wanaokula mizoga iliyoachwa malishoni hudhurika kwa vipande vya madini hayo. Mtutu usipozipenda, mizoga isiyochukuliwa ifukiwe.

Bunduki ya mkono wa pili ni chaguo jema, maana .22 iliyotunzwa hudumu vizazi. Kinachoangaliwa kwanza ni mdomo wa mtutu: mkwaruzo mdogo pale hupotosha kila risasi. Kisha mtutu umulikwe ndani kuona kutu, bolti ichezeshwe kuona kama imelegea, na mdomo wa chumba cha risasi ukaguliwe kama pini imeuchimba kwa kufyatuliwa bila risasi miaka mingi. Pakipatikana nafasi, ipigwe risasi kumi kwenye karatasi. Na bei ya kabati la chuma ihesabiwe tangu mwanzo, kwani sheria hutaka bunduki ifungiwe humo na risasi zifungiwe mahali pake peke yake.