Kabla ya kushuka mtumbwini: namna ya kufika kwenye kivuko cha wenyeji



Hapa Maniema jamaa nyingi zinazokimbia makwao hufika mahali papya kwa njia ya mto. Mtumbwi unagusa mchanga, watoto wanashuka, mama anatafuta maji ya kupikia. Mahali panaonekana wazi: mchanga tu, mitumbwi miwili mitatu imefungwa, hakuna nyumba wala ua. Mtu aliyechoka hudhani kwamba mahali hapo hapana mwenyewe.

Katika kazi yetu kandokando ya mto Lualaba tumeona mara kwa mara kwamba ugomvi kati ya wageni na wenyeji huanzia hapo hapo, katika saa za kwanza, kabla mtu yeyote hajaomba shamba wala nyumba. Katika makala hii tunaeleza kivuko cha kijiji ni nini, kwa nini kina wenyewe, na namna ya kufika bila kuharibu ujirani. Tunawakumbusha pia viongozi wa vijiji deni lao kwa mgeni.

Kivuko si mchanga tu

Mji wa Kindu umegawanywa na mto. Komine za Kasuku na Mikelenge ziko ng'ambo ya kushoto, pamoja na stesheni ya garimoshi. Komine ya Alunguli iko ng'ambo ya kulia. Kila siku watu wanavuka kwa mitumbwi kwenda sokoni, kazini na kuwaona wagonjwa. Mjini kivuko ni kama barabara: unalipa, unavuka, unakwenda zako. Aliyezoea mji hudhani ni hivyo kila mahali.

Kijijini sivyo. Kivuko kimoja kina kazi nyingi. Ni kisima, ni mahali pa kuoga, ni mahali pa kuloweka muhogo, ni bandari ya wavuvi, na siku fulani ni soko. Kila kazi ina mahali pake. Upande wa juu, maji yanakotoka, watu wanateka maji ya kunywa. Chini kidogo wanafua na kuoga, wanawake kwao na wanaume kwao. Pengine Wagenya au wavuvi wengine wametega mitego yao mahali palepale tangu enzi za babu zao. Ukipitisha mtumbwi hapo, umevunja chungu cha jamaa nzima. Mambo haya hayakuandikwa kwenye kibao. Mtoto wa kijiji anayajua, lakini mgeni hawezi kuyajua asipouliza.

Siku tuliyokosea sisi wenyewe

Hatuwafundishi wengine kama watu wasio na kosa. Siku moja tulifika katika kijiji kimoja, chini ya Kindu, na mtumbwi wa mota uliojaa bidoni, sabuni na sufuria kwa ajili ya jamaa zilizohama. Jua lilikuwa linazama. Tuliogopa kusafiri usiku, kwa hiyo tukashusha mizigo upesi mchangani na kuanza kuita majina ya orodha. Tulikuwa na barua ya ruhusa kutoka mjini, tukadhani inatosha. Hatukumtuma mtu kwa shefu. Wala hatukujua kwamba mota yetu ilikuwa imekata wavu wa mvuvi mmoja tulipokuwa tunakaribia.

Asubuhi, wanawake wa jamaa zile walizuiwa kuteka maji upande wa juu. Sisi hatukuguswa, sisi tulikuwa na mota na tungeondoka. Walioadhibiwa ni wale tuliokuja kuwasaidia. Walirudi na bidoni mpya tulizowapa, tupu.

Mzee mmoja wa wageni alituambia, "Wanangu, ninyi mmeingia nyumba ya mtu kwa dirishani, na sisi ndio tunaopigwa kama wezi."

Tulikwenda kwa shefu, tukakaa barazani, tukaomba msamaha na kulipa wavu. Shefu hakuwa na hasira kama tulivyodhani. Alitueleza kwamba wakati wa vita ya 1998 hadi 2003 watu wenye bunduki walitua kwenye kivuko kile kile, namna ile ile: magharibi, mbiombio, bila salamu. "Sisi hatuwezi kuona ndani ya moyo wa mtu," alisema. "Tunaona tu jinsi anavyoshuka mtumbwini."

Neno hilo ndilo tunalotaka kila msomaji alishike. Salamu ya kivukoni si adabu tu. Kwa watu walioonja vita, ni alama inayomtenga mgeni na adui. Anayeiacha anawatia wenyeji hofu, na hofu hiyo huwaangukia walio wanyonge kuliko wote.

Jambo hili lina mizizi mirefu

Upande wa juu wa mto, katika eneo la Kasongo, kuna Nyangwe. Msafiri Mskoti David Livingstone alikaa huko miezi kadhaa mwaka 1871, akaandika habari za soko lake kubwa kando ya Lualaba. Wanawake walikuja kwa mitumbwi kutoka ng'ambo na samaki, vyungu, muhogo na mafuta ya mawese. Aliona kwamba hata vijiji vilipokuwa vinapigana, wanawake wa soko walipita bila kuguswa. Hapakuwa na askari wa kuwalinda. Desturi ndiyo iliyowalinda.

Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara waliotoka pwani ya mashariki waliingia sokoni na bunduki. Ugomvi juu ya kuku ulifuatwa na risasi. Wanawake walikimbilia mitumbwi, wakapigwa risasi hapo pia, na wengi wakafa maji. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Siku moja ilitosha kuvunja amani iliyojengwa na wazee kwa miaka mingi. Tukumbuke hayo tunapoona silaha inabebwa kwenye kivuko au sokoni, hata kama mwenye nayo anasema anapita tu.

Hata visiwani mbali

Desturi ya kuomba njia kivukoni si ya Kongo peke yake. Katika visiwa vya Fiji, kwenye bahari ya Pasifiki, mgeni anayefika kijijini, hata kama anataka kuona ufuko tu, huvua kofia na kumwuliza kwanza mkuu wa kijiji. Huleta fungu la mizizi ya mmea uitwao yaqona, wanaoutumia kutengeneza kinywaji cha heshima. Wanakaa pamoja mkekani, zawadi inapokelewa kwa maneno maalumu, na toka hapo mgeni anahesabiwa kuwa chini ya ulinzi wa kijiji. Ibada hiyo inaitwa sevusevu. Huko pia bahari ni mali ya Serikali kwa sheria, lakini haki ya ukoo ya kuvua karibu na kijiji chake inatambuliwa.

Zawadi yenyewe ni ndogo. Kilicho kikubwa ni kuuliza kabla ya kukanyaga.

Sheria inasema nini?

Wengine watasema: "Mto ni wa Serikali, kwa nini niombe?" Ni kweli kwamba sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ya Kongo ni mali ya Serikali. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 nayo inaweka maji katika mali ya umma. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 kuhusu wakimbizi wa ndani zinasema kwamba waliohama wana haki sawa na raia wengine wa nchi yao, na kwamba wapate chakula cha lazima na maji safi ya kunywa.

Basi hakuna shefu anayeweza kumnyima maji mtu aliyekimbia vita, wala kumwuzia. Lakini haki ya kunywa haikupi ruhusa ya kupita juu ya wavu wa jirani. Sheria inakulinda usife kwa kiu. Salamu inakusaidia kuishi na watu. Unahitaji zote mbili.

Ushauri kwa jamaa zinazofika

1. Ikiwezekana, fikeni mchana. Zimeni mota mbali kidogo, pigeni hodi mkiwa bado majini.
2. Tueni mahali penye mitumbwi mingine. Watu wawili watangulie, na mmoja awe mama, kwa sababu mara nyingi wanaokutwa mtoni ni wanawake.
3. Ulizeni nyumba ya shefu. Semeni majina yenu, mlikotoka, idadi yenu, na wagonjwa mlio nao. Msifiche kitu, kitakachojulikana kesho ni afadhali kisemwe leo.
4. Ulizeni mahali pa maji ya kunywa, pa kuoga, pa kufua, na mahali palipotegwa mitego.
5. Kama kuna mwenye kuhara, semeni mapema, na mumweke mbali na mahali pa kuteka maji. Kipindupindu hufuata mto, hakichagui mgeni wala mwenyeji.
6. Kama hamna zawadi, toeni mikono yenu. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kufyeka njia ya kivuko ni mwanzo mzuri.

Ushauri kwa mashefu na viongozi

1. Wapeni maji kwanza, maswali yafuate. Mwenye kiu hangoji mkutano.
2. Siku hiyo hiyo, tembeeni nao kivukoni na kuwaonyesha mipaka yote.
3. Chagueni kamati ndogo ya kivuko, wenyeji na wageni, wanawake wakiwamo.
4. Mtu akikosa, mwiteni kwa jina lake. Msiseme "wageni wamekosa".
5. Mashirika yanayoleta msaada, sisi tukiwamo, yapige hodi kama kila mtu. Barua ya mjini haitoshi.

Katika kijiji kile tulichokosea, kamati kama hiyo iliundwa wiki ile ile. Mvuvi aliyekatiwa wavu aliingia ndani yake, pamoja na mama mmoja aliyerudishwa na bidoni tupu. Ugomvi haukuisha wote. Lakini wanawake wanateka maji pamoja upande wa juu, na sisi tukifika huko tunazima mota kabla ya kona ya mwisho.

Kwa ufupi, mgeni aanze na hodi, na mwenyeji aanze na maji.

Maswali ya kuzungumza pamoja

- Kwenye kivuko chetu, ni mambo gani ambayo mgeni hawezi kuyajua asipoambiwa? Nani anamwambia?
- Je, kuna mtu aliyewahi kunyimwa maji kwetu? Kosa lilikuwa la nani, na nani aliadhibiwa?
- Sisi tuliohama, tuliingia kwa mlango au kwa dirishani? Kama ni kwa dirishani, bado tunaweza kurudi nje na kupiga hodi?