Kumchagulia Mtoto Shule Inayofundisha kwa Maumbile: Jinsi Mwalimu Awezavyo Kumshauri Mzazi

Mwalimu huulizwa maswali mengi ambayo hayamo katika muhtasari wa masomo. Mojawapo ni hili: mzazi amepata habari za shule ya watu binafsi ambayo wanafunzi wake hujifunza sehemu kubwa ya siku nje ya darasa, bustanini, msituni au ufukweni. Karo yake ni kubwa, naye ataka kujua kama yafaa kumpeleka mtoto wake huko. Mzazi huyu haulizi kwa udadisi tu. Pengine anakusudia kuuza ng'ombe au kukopa fedha, na miaka ya utoto wa mwanawe ikishapita hairudi tena. Kwa hiyo hapana budi tumjibu kwa hoja, wala si kwa kusifu au kubeza.

Yafaa kwanza tufahamu asili ya mafunzo ya namna hii. Mjerumani Friedrich Froebel alianzisha shule ya watoto wadogo mwaka 1837 katika mji wa Bad Blankenburg, na mwaka 1840 akaipa jina lenye maana ya bustani ya watoto. Jina hilo halikuwa la mapambo. Froebel alitaka kila mtoto awe na kijishamba chake cha kupanda na kutunza mimea, na pia pawe na shamba la pamoja, ili ajifunze wajibu wake mwenyewe na wajibu wake kwa wenzake. Katika miaka ya 1950 huko Denmark, Ella Flatau alianza kuwapeleka watoto msituni kila siku. Njia hiyo ilienea, na mwaka 1993 shule ya msituni ya watoto wadogo ilitambuliwa rasmi katika mji wa Flensburg, Ujerumani. Leo nchi hiyo ina shule za namna hiyo zaidi ya elfu moja.

Hata hivyo tusidhani kwamba jambo hili ni geni kwetu. Waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliotolewa na Mwalimu Julius Nyerere mwezi Machi 1967, ulitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo yenyewe, na wanafunzi wajifunze kwa kutenda. Twajua pia yaliyotokea katika shule nyingi: shamba lilitengana na somo, likawa mahali pa kuzalisha tu, au pa kutolea adhabu. Hapo ndipo penye fundisho kubwa kwa mzazi anayechagua shule. Kuwa nje si kujifunza. Mtoto aweza kushinda shambani mwaka mzima asijue zaidi ya uchovu.

Katika ziara moja ya kuwakagua wanachuo wetu tulifika katika shule ambayo kijitabu chake kilijaa picha za watoto na miti. Tuliwakuta wanafunzi kadhaa wakipalilia mahindi. Tulimwuliza mmoja kwa nini magugu yang'olewe. Akajibu kwa adabu, "Tumechelewa namba." Siku nyingine, katika shule isiyo na kijitabu chochote, tuliwakuta watoto watano wamelizunguka shina la maharage lililong'olewa. Walikuwa wakihesabu vinundu vya mizizini, kisha wakaulinganisha mzizi huo na wa mhindi. Mwalimu wao alikuwa akiwaongoza wagundue kwa nini wazee hupanda mazao hayo mawili pamoja. Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Twapendekeza basi mzazi aitembelee shule siku ya kawaida ya kazi, wala si siku ya sherehe, na atafute majibu ya maswali matano.

Kwanza, je, kazi ya nje ina lengo? Aombe kuona azimio la kazi na andalio la somo. Mwalimu mzuri aweza kueleza mtoto atajua nini atakaporudi darasani ambacho hakukijua alipotoka. Kadhalika atazame madaftari. Kama watoto walikwenda mtoni juma lililopita, pawe na mchoro, vipimo au habari iliyoandikwa na mtoto mwenyewe, hata ikiwa na makosa. Madaftari yenye maneno yaliyo sawasawa kutoka mtoto hadi mtoto yaonyesha kwamba mwalimu ndiye aliyetazama mto, na watoto wamenakili ubao.

Pili, je, walimu wamefunzwa kazi hii? Kufundisha nje ni kugumu kuliko kufundisha ndani, kwa kuwa hakuna kuta za kuwakusanya watoto, na swali lisilotazamiwa laweza kuzuka wakati wowote. Mwalimu asiyejua jina la mdudu hapaswi kuona haya, yampasa aseme, "Tumtazame vizuri, kisha tutafute." Anayemnyamazisha mtoto aulizaye hafai kwa kazi hii, hata akiwa na vyeti vingi.

Tatu, je, usalama umefikiriwa? Si shauri jema kuwakataza watoto kila jambo, wala kuwaachia. Mzazi aulize ni watu wazima wangapi hufuatana na kundi, na kama watoto huhesabiwa wanapotoka na wanaporudi. Aulize kama huingia katika madimbwi au kingo za ziwa zenye konokono wa kichocho, kwa maana vijidudu vya maradhi hayo hupenya ngozi. Aulize pia lifanywalo mtoto akiumwa na nyoka. Jibu sahihi ni kumtuliza, kutokitikisa kiungo kilichoumwa na kumfikisha hospitali upesi. Shule inayojibu kwamba itachanja jeraha au kulifyonza haijajiandaa.

Nne, je, kusoma, kuandika na kuhesabu vina nafasi yake? Maumbile hayamfundishi mtoto herufi. Shule njema hutumia mambo ya nje ili kuyapa maana masomo hayo, lakini pia hutenga muda wa mazoezi ya kila siku. Hapa Tanzania shule haina budi kusajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Elimu ya mwaka 1978; mzazi aombe kuona cheti cha usajili, kwani mtoto wake atahitaji kufanya mitihani ya taifa na huenda akahamia shule nyingine.

Tano, je, mtoto mwenyewe yukoje? Wapo watoto wanaochangamka wakiwa nje, na wapo wenye pumu au ulemavu ambao shule hudai kuwapokea, kumbe huwaacha chini ya mti wenzao wakienda. Mzazi aulize waziwazi mtoto kama wake atashiriki vipi.

Mwisho, tumweleze mzazi ukweli ambao pengine utampunguzia gharama. Anachotaka kukinunua hakipatikani katika shule za karo kubwa peke yake. Mwalimu wa shule yoyote aweza kusimamisha ufito wima uwanjani na kuwaagiza watoto wapime kivuli chake adhuhuri, mara moja kila juma, kwa mwaka mzima. Mjini Dar es Salaam, ulio karibu digrii 7 kusini ya Ikweta, watoto wataona kivuli kikielekea kusini mwezi Juni na kaskazini mwezi Desemba, na kati ya miezi hiyo kutakuwa na siku ambapo karibu hakionekani. Kwa ufito mmoja wamejifunza kupima, kuchora grafu, majira na mwendo wa dunia. Gharama yake ni uangalifu wa mwalimu.

Kwa hiyo swali la mzazi latugeukia sisi wenyewe. Akituuliza ampeleke wapi mtoto wake apate kuujua ulimwengu unaomzunguka, nasi tukamwelekeza mbali, huenda akatuuliza la pili: kwa nini mtoto huyo hakuujua alipokuwa mikononi mwetu? Yafaa tuwe na jibu la kumwonyesha katika madaftari ya watoto tunaowafundisha.