Kilango cha paka: Namna ya kuziokoa nyavu za dirisha bila kumkaribisha mwizi

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

WAKAZI wengi wa mijini wanaofuga paka kwa ajili ya kupambana na panya wanaifahamu vyema adha hii: usiku wa manane mnyama hulia mlangoni akitaka kutoka, na haipiti saa moja hulia tena akitaka kuingia.

Asipofunguliwa hujitafutia njia mwenyewe. Hurukia dirishani, akazichana kwa kucha nyavu za kuzuia mbu, kisha akapenya katikati ya nondo na kwenda zake. Kesho yake mwenye nyumba hukuta wavu unaning'inia, na asipoushona siku hiyo hiyo, mbu nao huitumia njia ile ile.

Hapo ndipo jambo lionekanalo kuwa la anasa linapogeuka kuwa suala la afya ya familia. Mbu aina ya Anofelesi, waenezao malaria, huuma zaidi nyakati za usiku, ilhali wale wa aina ya Aedes, waenezao homa ya dengue iliyolikumba jiji la Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, huuma zaidi mchana. Kwa maana hiyo, wavu uliochanika hauna saa ya usalama.

Baadhi ya watu huamua kuacha dirisha moja au mlango wa jikoni wazi ili paka apite. Uamuzi huo huwanufaisha vibaka kuliko paka.

Lipo suluhisho la tatu, ambalo ni kumtengenezea paka kilango chake.

Kilango ni nini?

Kilango cha paka ni tundu la mraba linalotobolewa sehemu ya chini ya mlango au ukutani, likawekewa fremu na kibao chepesi kinachoning'inia kutoka juu. Paka hukisukuma kibao hicho kwa kichwa, akapita, nacho hujirudia chenyewe kwa uzito wake. Vile vya kiwandani huwa na kipande cha sumaku chini, ambacho hukishika kibao kisipepesuke kwa upepo.

Wazo hili si geni. Katika kanisa kuu la mji wa Exeter, kusini magharibi mwa Uingereza, mlango uliopo chini ya saa ya kale una tundu la mviringo ambalo Askofu William Cotton aliagiza mafundi walitoboe mwaka 1598 ili paka wapite kwenda kuwinda panya. Ipo pia hadithi kwamba mwanasayansi Isaac Newton alitoboa matundu mawili mlangoni, kubwa la paka na dogo la watoto wake, lakini hadithi hiyo haina ushahidi wa kuaminika.

Hivi leo vipo vilango vinavyotumia betri, ambavyo husoma namba ya chipu ndogo iliyowekwa chini ya ngozi ya paka na kumfungulia yeye peke yake. Vimeenea zaidi katika nchi ambazo chipu hizo ni jambo la kawaida. Huko England, kwa mfano, tangu Juni 10, 2024 sheria inamlazimu kila anayefuga paka kuhakikisha mnyama huyo amewekewa chipu kabla ya kutimiza umri wa wiki 20.

Hata hivyo, kwa nyumba nyingi za kwetu kilango cha kawaida kinatosha, na seremala mwenye ujuzi anaweza kukitengeneza kwa mbao nyepesi au plastiki ngumu.

Mlango upi utobolewe?

Mlango unaofaa zaidi ni ule wa nyuma, hususan wa jikoni unaotokea uani ndani ya uzio. Mlango wa mbele unaotazama barabara haufai, kwa kuwa unamtoa paka moja kwa moja kwenye magari na kuwaonyesha wapita njia kwamba nyumba hiyo ina tundu.

Iwapo nje ya mlango wa mbao kuna geti la nondo, hiyo ni faida. Paka hupita katikati ya nondo bila shida, wakati geti likibaki limefungwa kwa kufuli. Mifupa ya mtulinga ya paka haikuungana na mifupa mingine kama ilivyo kwa binadamu, hivyo kwa kawaida panapopita kichwa chake, na mwili hupita.

Kabla ya kushika msumeno ni lazima kuujua mlango wenyewe. Mlango wa mbao ngumu kama mninga au mkongo, uliotengenezwa kwa fremu na paneli, utobolewe kwenye paneli tu. Nguzo za pembeni na ubao mnene wa chini ndizo zinazoushikilia mlango, na ukizikata viungio hulegea na mlango huanza kushuka.

Milango ya bei nafuu iliyobandikwa mbao nyembamba pande mbili huwa na uwazi ndani. Huu ukitobolewa, kingo za tundu zizibwe kwa vipande vya mbao vilivyogundishwa vizuri, vinginevyo skrubu hazitakuwa na pa kushika, na wadudu watapata makazi mapya.

Mlango wa chuma ni kazi ya fundi wa kuchomelea. Mlango wa kioo kilichoimarishwa kwa moto kiwandani haukatiki kabisa, kwa sababu kioo hicho kikiguswa kwa msumeno au keekee husambaratika chote. Njia pekee ni kuagiza kioo kipya kilichotobolewa kabla ya kuimarishwa.

Wapo wanaopendelea ukuta. Tofali la inchi sita linatobolewa, kisha huingizwa sanduku la mbao au bati lililo wazi pande mbili. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwashi baada ya kuhakikisha kwamba hakuna nyaya za umeme wala mabomba ya maji mahali hapo, na nguzo za zege zisiguswe.

Vipimo na ukataji

Kwa paka wa kawaida aliyekomaa, tundu lenye upana wa kati ya sentimeta 15 na 18, na kimo kama hicho au zaidi kidogo, linatosha. Kinachosahauliwa mara kwa mara ni kimo kutoka sakafuni. Ukingo wa chini wa tundu unapaswa kulingana na tumbo la paka akiwa amesimama, yaani wastani wa sentimeta 12 hadi 15, ili apige hatua na kupita badala ya kutambaa au kuruka.

Endapo paneli inaanzia juu zaidi ya hapo kutokana na unene wa ubao wa chini, usiukate ubao huo. Weka kipago cha tofali au mbao pande zote mbili. Kumbuka pia kupima upande wa nje, kwani mara nyingi baraza huwa chini kuliko sakafu ya ndani.

Baada ya vipimo, chora mraba kwa penseli na kuuhakiki kwa pimamaji. Toboa matundu manne ya pembeni kwa keekee, kisha ingiza msumeno mdogo na kukata kutoka tundu hadi tundu. Kubandika utepe wa karatasi juu ya mstari kabla ya kukata hupunguza uwezekano wa rangi au mbao kubanduka.

Kingo zilizokatwa zipigwe msasa, zipakwe dawa ya kuzuia mchwa na kisha rangi, kwa kuwa mbao iliyo wazi hunywa maji ya mvua za masika na kuvimba. Dawa hiyo ni sumu, hivyo paka na watoto wasikaribie mpaka ikauke kabisa.

Kibao kinachobembea kikatwe kidogo kuliko tundu ili kisikwaruze, na uwazi unaobaki uzibwe kwa ukanda wa mpira laini au brashi. Mbu hana nguvu ya kusukuma kibao, ila anaweza kupita kwenye ufa. Bawaba ziwe nyepesi, na kibao kiweze kufunguka pande zote mbili.

Mwisho, weka komeo dogo upande wa ndani. Vilango vingi vya kiwandani vina swichi ya hali nne: kuingia na kutoka, kuingia tu, kutoka tu, au kufungwa kabisa.

Hatari ya mwizi

Tundu la sentimeta 18 halimpitishi mtu mzima, lakini linapitisha mkono, na vibaka wamezoea kuvuta vitu dirishani kwa kutumia fimbo yenye ndoano. Kwa sababu hiyo, mahali pa kuweka kilango ni suala la hesabu.

Chukua mlango wenye upana wa sentimeta 80, ambao kitasa chake kipo kimo cha mita moja. Kilango kikiwekwa chini ya kitasa, umbali kutoka ukingo wa juu wa tundu hadi kitasani ni sentimeta 67 tu, umbali ambao mkono mrefu unaweza kuufikia. Kikiwekwa upande wa bawaba, umbali huo hufikia takriban sentimeta 80.

Tofauti hiyo ni kubwa kwa mkono mtupu, ila haitoshi dhidi ya fimbo. Ndiyo maana ufunguo haupaswi kuachwa ukining'inia kitasani usiku, na komeo la chini ya mlango, ambalo lipo jirani kabisa na tundu, linapaswa kuhamishiwa juu au kufungwa kwa kufuli. Aidha, funguo za gari, simu na mikoba visiwekwe sakafuni au kwenye meza iliyo karibu.

Wageni wasioalikwa

Kilango kilicho wazi muda wote huweza kumwingiza paka wa jirani anayefuata harufu ya samaki, panya, na katika maeneo yenye vichaka, nguchiro au hata nyoka. Dawa yake ni kutoacha chakula cha paka karibu na kilango, kufagia vichaka vilivyo jirani na mlango, na kukifunga usiku.

Paka huchangamka zaidi alfajiri na machweo. Mfugaji anayemlisha kila siku jua linapozama, kisha akasukuma komeo, humzoesha kurudi nyumbani mapema. Utaratibu huo humwepusha na magari ya usiku na mapigano ya paka dume, ingawa utamlazimu mwenye nyumba kumwekea sanduku la mchanga ndani. Mjamzito asiusafishe mchanga huo, kwa kuwa kinyesi cha paka huweza kuwa na vimelea vya toksoplasma vinavyodhuru mtoto aliye tumboni.

Tahadhari nyingine inahusu sumu ya panya. Paka akila panya aliyekufa kwa sumu huweza kudhurika naye, hivyo nyumba yenye paka anayetoka na kuingia isitumie sumu, na ni busara kuzungumza na majirani kuhusu jambo hilo.

Chanjo kwanza

Paka mwenye uhuru wa kutoka hukutana na mbwa na paka wengine. Ingawa hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, paka naye huugua na kuambukiza. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, ugonjwa huo karibu kila mara huishia kwenye kifo.

Hivyo, kilango kisifunguliwe kabla ya paka kupata chanjo kwa daktari wa mifugo, na kadi ya chanjo itunzwe. Mtu akiumwa au kukwaruzwa na mnyama anayetiliwa shaka, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Hali kadhalika, paka jike afungwe kizazi na dume ahasiwe. Mimba ya paka huchukua takriban miezi miwili tu, na kilango kisichoambatana na hatua hiyo huweza kuijaza nyumba vitoto ndani ya mwaka mmoja.

Kumfundisha

Paka wengi hawakielewi kilango siku ya kwanza. Kifunge kibao kwa kamba kikae juu kwa siku kadhaa, huku ukimwita kwa chakula kutoka upande wa pili. Akizoea kupita, kishushe kidogo kidogo mpaka ajifunze kukisukuma. Kumsukumiza kwa nguvu humtia hofu, na huweza kumrudisha kwenye wavu wa dirisha.

Kwa wapangaji, jambo la kwanza si msumeno bali ni ridhaa ya mwenye nyumba, ikiwezekana kwa maandishi, kwani mlango uliotobolewa huweza kuhesabiwa kuwa uharibifu siku ya kuhama. Anayekataliwa anaweza kuweka kilango kwenye mlango wa wavu anaoumiliki mwenyewe, au kwenye ubao uliokatwa kwa kipimo cha kioo kimoja cha dirisha, ambao huondolewa na kioo kurudishwa.

Kilango kikishakamilika, kazi ya mwisho ni kushona au kubadilisha nyavu zote zilizochanika. Paka akiendelea kuona tundu dirishani hatakuwa na sababu ya kutumia mlango aliotengenezewa, na familia itaendelea kuumwa na mbu licha ya gharama zote.