Mgonjwa haulizwi uji? Familia hii ilijifunza kumuuliza

SAA mbili kasorobo asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili mtaani Umoja, Nairobi. Mezani pana kikombe cha uji wa wimbi chenye vishikio viwili. Mama wa miaka 52 anakishika kwa mkono wa kushoto. Kisha anauinua polepole ule wa kulia, ambao bado ni mzito, na kuuweka kwenye kishikio cha pili. Kikombe kinatetemeka. Uji unamwagika kidogo kwenye leso. Hakuna anayeinuka kumsaidia.

Mgeni asiyejua mambo angedhani watoto wa nyumba hii hawana huruma. Kumbe hiyo ndiyo huruma yenyewe, nao waliipata kwa zaidi ya miaka mitatu ya jasho na machozi.

Mama huyu, ambaye ameomba jina lake lisichapishwe, ni fundi wa cherehani. Siku moja mwezi wa Aprili 2022 alikuwa dukani mwake akishona sare za shule mkasi ulipomponyoka. Aliinama kuuokota, asiweze kuinuka tena.

Majirani walipomlaza mkekani waliona mdomo umekwenda upande. Mmoja akasema ni uchovu. Mwingine akaleta mafuta ya kumkanda. Wa tatu akanong'ona kwamba hapo pana mkono wa mtu. Alifikishwa hospitali siku ya pili.

Kilikuwa kiharusi.

Mkono, mguu na ulimi

Kiharusi hutokea mshipa wa damu unapoziba au kupasuka ndani ya ubongo. Sehemu inayokosa damu huanza kufa upesi. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaouongoza upande wa kulia wa mwili, na kwa watu wengi ndio pia unaoshughulikia lugha. Hivyo mama huyu alipoteza kwa mpigo mmoja nguvu za mkono, mguu na ulimi.

Ikiwa mshipa umeziba, ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini kwa kawaida hutolewa katika muda wa saa nne na nusu tangu dalili zianze. Kwake muda huo ulikuwa umepita zamani. Aidha, ilibainika kwamba alikuwa na shinikizo la damu bila kujua. Hakuwa amepimwa tangu alipojifungua kitinda mimba wake.

Baada ya majuma matatu aliruhusiwa kurudi nyumbani. Mumewe, ambaye ni bawabu wa usiku katika eneo la Viwandani, anaikumbuka siku hiyo vyema.

"Tulidhani kutoka hospitali ni kupona," asema. "Kumbe tulikuwa tumekabidhiwa kazi."

Kazi hiyo ilimwangukia kifungua mimba, binti aliyekuwa na umri wa miaka 21 na mwanafunzi wa chuo cha ualimu. Hakuna aliyemwamuru aache masomo. Aliacha tu, kwa kuwa baba alilala mchana, kaka yake alikuwa sekondari na mdogo wao alikuwa bado mtoto.

Binti alifanya yote. Alimwosha mama, akamvisha, akamgeuza kitandani kila baada ya saa mbili asipate vidonda, akamlisha uji kwa kijiko. Wageni walipomwuliza mama hali yake, binti ndiye aliyejibu. Wahenga si walisema mgonjwa haulizwi uji? Naye hakuulizwa uji wala jambo lingine lolote.

Isitoshe, kumwuliza kulikuwa na tabu yake. Katika maneno yote aliyoyajua, moja tu ndilo lililomtoka: "kesho". Ukimwuliza kama ana njaa, "kesho". Ukimwuliza anaumwa wapi, "kesho". Alijua analotaka kusema, lakini ulimi ulimletea neno lile lile, naye akalia kwa hasira.

"Mnamnyima dawa"

Mwezi wa nne tangu aanguke, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alifika nyumbani. Mkono wa mama ulikuwa umeanza kujikunja kifuani. Alimkuta binti akimlisha, akatazama kwa muda, kisha akasema neno lililomchoma binti huyo moyoni: "Mnamnyima dawa."

Binti alishtuka. Vidonge vyote si alimpa kwa wakati? Mtaalamu akakiashiria kijiko.

Alieleza kwamba seli za ubongo zilizokufa hazifufuki, lakini sehemu zilizobaki hai zinaweza kujifunza kazi upya, almuradi zipewe kazi hiyo mara nyingi, siku baada ya siku. Kila kifungo ambacho binti alimfungia mama yake lilikuwa somo moja ambalo mama alilikosa.

Asubuhi iliyofuata walimpa mama kikombe. Ilichukua dakika 40, na nusu ya uji iliishia kifuani. Ni wakati huo huo baba alipoingia kutoka kazini. Alimkuta mkewe amelowa uji huku watoto wamekaa wakimtazama.

"Niliwafokea," akiri. "Niliwauliza kama wamechoka na mama yao."

Dada yake naye alipopata habari aliwaita watoto hao wavivu. Kwa siku kadhaa kikombe kiliwekwa kando na kijiko kikarudi. Aliyekata shauri hilo ni mgonjwa mwenyewe. Jioni moja alikisukuma kijiko mbali, akanyosha mkono wa kushoto kuelekea kabatini kilikokuwa kikombe.

Neno la kwanza lililotoka vizuri lilikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia. Kitinda mimba alikuwa akiosha vyombo huku akiimba wimbo wa kanisani. Mama, aliyekuwa mwanakwaya kwa miaka mingi, akaupokea, maneno yote, ubeti mzima. Wimbo ulipoisha akarudi kwenye "kesho" yake. Wataalamu wa usemi wanalijua jambo hili. Wapo wagonjwa wasioweza kusema sentensi moja lakini huweza kuimba nyimbo walizozizoea. Tangu siku hiyo nyumba hiyo iliimba kila jioni.

Mlezi naye huchoka

Hata hivyo, aliyekuwa akizama sasa ni binti. Usiku mmoja mama aliangusha chungu, naye binti akampigia kelele mbele ya wadogo zake, kisha akajifungia msalani akalia mpaka akakosa sauti.

"Nilijichukia," asema. "Lakini pia nilikuwa sijatoka nje ya lango kwa siku kumi na moja."

Baba hakulala mchana huo. Aliita jamaa, wanawake wa chama ambacho mkewe alikuwa mwanachama, na majirani wawili. Hakuomba pesa. Aliomba saa. Ratiba ikabandikwa ukutani: dada wa mama kumwogesha, kijana wa sekondari kumtembeza uani jioni, kitinda mimba kumsomesha majina ya vitu, wanawake wa chama kuja kwa zamu, saa moja moja, kuzungumza naye tu. Yule dada wa baba aliyewatukana watoto akachukua Jumamosi nzima. Kidole kimoja hakivunji chawa. Januari 2023 binti alirudi chuoni.

Walichokifanya kina mfano wake mbali na Umoja. Mwaka wa 1965 Patricia Neal, mwigizaji wa Marekani aliyekuwa ameshinda tuzo ya Oscar, alipata kiharusi akiwa mjamzito, akapoteza usemi. Mumewe, mwandishi Roald Dahl, alipanga majirani kijijini mwao Uingereza waje kwa zamu kumfundisha kila siku. Wako waliomwona Dahl mkali, maana alikataa kumpa mkewe kitu mpaka akitaje. Lakini mtoto alizaliwa salama, na mwaka wa 1968 Neal alionekana tena katika filamu iliyomfanya ateuliwe kuwania Oscar kwa mara nyingine.

Si kila mgonjwa hufika huko, na familia ya Umoja haidanganyi. Mama anatembea kwa mkongojo. Husema polepole, na jioni akichoka maneno humpotea. Mkono wa kulia hauwezi mkasi. Lakini unaweza kukibana kitambaa mezani huku wa kushoto ukishona, na tangu mwaka jana anapokea kazi ndogo ndogo: vifungo, zipu, pindo za sketi. Kipato hakitoshi kodi. Kinatosha dawa zake za shinikizo la damu, ambazo hazikosi hata siku moja.

Familia yenye mgonjwa wa aina hii ingefanya vyema kukumbuka mambo machache. Uso ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakivurugika kwa ghafla, mkimbize mgonjwa hospitali saa hiyo hiyo, usingoje mafuta wala mganga. Arudipo nyumbani, mwulize anachotaka, umpe muda wa kujibu, na umwache afanye kila awezalo hata akichelewa. Akinyamaza mno, akakosa usingizi na hamu ya chakula, mweleze daktari, kwani huzuni kubwa huwapata wengi baada ya kiharusi nayo ina tiba. Mlezi apumzishwe kabla hajaanguka. Na wote nyumbani wapimwe shinikizo la damu, kwa kuwa halisubiri mtu aumwe ndipo liharibu mishipa.

Nilipokuwa nikiaga, msichana wa shule alibisha hodi akiwa na sketi iliyong'oka zipu. Alitaka kujua itakuwa tayari lini. Binti wa nyumba alifungua kinywa ajibu, akajizuia. Sote tukangoja.

Mama aliigeuza ile sketi, akaikagua pindo, akahesabu kwa vidole kazi zilizotangulia.

"Kesho," akasema.

Na kweli alimaanisha kesho.