Ubongo na Homoni za Uzazi (Sehemu ya Pili): Ujumbe Uliomo Katika Mapigo

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza jinsi Geoffrey Harris wa Uingereza alivyothibitisha kwamba tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, haijiamulii mambo yake, bali hupokea amri kutoka haipothalamasi, yaani sehemu ndogo ya ubongo iliyo juu yake, kupitia vishipa vyembamba vya damu. Ilieleza pia kwamba mwaka 1971 maabara ya Andrew Schally mjini New Orleans ilibainisha kuwa amri hiyo ni kemikali iliyoundwa kwa asidi amino 10. Kemikali hiyo, ambayo hapa itaitwa homoni chochezi, huifanya pituitari imwage katika damu homoni mbili: ile inayokuza vifuko vya mayai katika ovari, na homoni ya luteini, ambayo kwa mwanamke husababisha yai lililopevuka litoke, na kwa mwanamume huziamuru korodani zitengeneze testosteroni.

Baada ya kemikali hiyo kujulikana, swali lililobaki lilielekea kuwa la kiasi tu: ni kiasi gani cha homoni chochezi kinachotosha kuiamsha pituitari? Aliyeonyesha kwamba swali lenyewe lilikuwa na upungufu ni Ernst Knobil, mzaliwa wa Berlin aliyefanya utafiti wake katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani. Knobil alichagua kima wa rhesus kwa sababu majike yao hupata hedhi kila baada ya siku 28 hivi, kama wanawake. Mwaka 1970 yeye na wenzake, waliokuwa wakipima mara nyingi kwa siku damu ya kima walioondolewa ovari, waligundua kwamba homoni ya luteini haikutiririka kwa usawa, bali ilipanda ghafla na kushuka kwa mapigo, takriban mara moja kila saa.

Jaribio lililotoa maana ya mapigo hayo lilichapishwa mwaka 1978. Watafiti waliharibu eneo la haipothalamasi ya kima linalohitajika ili homoni chochezi itolewe, na homoni zote mbili za pituitari zikatoweka katika damu. Kisha wakawatilia wanyama hao homoni chochezi kwa mtiririko usiokatika, lakini pituitari haikurudia kazi yake, hata kiasi kilipobadilishwa. Walipoitoa kwa dakika 6 tu katika kila saa, homoni zote mbili zilirejea; waliporudia mtiririko, zikashuka tena.

Sababu iko kwenye vipokezi, yaani protini zilizo juu ya seli za pituitari ambazo hushikana na homoni chochezi na kupitisha habari yake ndani ya seli. Homoni isipokoma, vipokezi hivyo hupungua na seli hupoteza wepesi wa kuitika, ilhali muda wa utulivu kati ya pigo na pigo huzirejeshea uwezo huo. Ni sawa na mgeni abishaye hodi, ambaye huitikiwa kwa sababu hunyamaza kusubiri jibu.

Mwaka 1980 matokeo mengine mawili yaliongeza uzito wa hoja hiyo. Kwanza, kima walioharibiwa haipothalamasi walipopewa pigo lilelile kila saa, bila mabadiliko yoyote, walipata mzunguko kamili wa hedhi na mayai yao yakatoka. Maana yake ni kwamba ubongo hutoa mapigo yanayouwezesha mzunguko, lakini siku ya yai kutoka huamuliwa na ovari yenyewe, pale estrojeni yake inapopanda vya kutosha kuisukuma pituitari. Pili, majike wachanga ambao hawajabalehe walianza mizunguko ya majike waliokomaa walipopewa mapigo hayo, na yaliposimamishwa wakarudi katika hali ya utoto. Kumbe ovari na pituitari zao zilikuwa tayari, na kilichokosekana ni mapigo.

Tiba ilinufaika na pande zote mbili za ugunduzi huo. Mwanamke ambaye mayai yake hayatoki kwa sababu haipothalamasi imenyamaza anaweza kusaidiwa kwa pampu ndogo inayotoa homoni chochezi kwa vipindi. Kinyume chake, dawa zinazofanana na homoni hiyo, lakini zinazokaa mwilini muda mrefu, huichochea pituitari kwa siku za mwanzo, kisha huizima; kwa hiyo hutumika kuwatibu watoto wanaobalehe mapema mno, na kuwapunguzia wagonjwa wa saratani ya tezi dume testosteroni inayoistawisha saratani hiyo.

Lakini chembe za neva zinazotoa homoni chochezi ni chache, nazo zimetawanyika, hivyo ni lazima kuwe na kinachoziunganisha zipige kwa pamoja. Sehemu ya tatu itaeleza kisspeptini, protini iliyofahamika kwanza katika utafiti wa saratani, na jinsi familia ambazo watu wake hawakubalehe zilivyowawezesha wanasayansi, mwaka 2003, kuihusisha na uzazi.