Umbo la Dume la Mbegu na Ukuaji wa Ndama

Katika maonyesho ya mifugo ya Marekani ya miaka ya 1940 na 1950, zawadi zilikwenda kwa dume mfupi, mpana, mwenye miguu mifupi kiasi cha tumbo kukaribia kugusa ardhi. Wafugaji wa Hereford na Angus wakafuata macho ya waamuzi. Ndama wa madume hao walinenepa mapema, lakini walijaa mafuta wakiwa bado wadogo. Baya zaidi, katika baadhi ya koo za Hereford walianza kuzaliwa ndama mbilikimo, kasoro inayojitokeza pale dume na jike wote wanapoibeba.

Ndipo wafugaji wakageukia upande wa pili. Madume warefu wa Ulaya, wakiwamo Charolais na Simmental, walitafutwa kwa udi na uvumba. Watafiti wa kituo cha Clay Center, Nebraska, waliwapandisha kwa majike wa Hereford na Angus, kisha wakawapima watoto wao tangu kuzaliwa hadi machinjioni. Ndama hao walikua haraka na kutoa nyama nyingi isiyo na mafuta mengi. Hata hivyo, walichelewa kunenepa, na mama zao walipata shida zaidi wakati wa kuzaa.

Sababu iko katika mpangilio wa ukuaji wenyewe. Mfupa hutangulia, nyama hufuata, mafuta huja mwisho. Ndama wa dume mrefu hubaki muda mrefu zaidi katika hatua mbili za kwanza, hivyo huongeza kilo wakati mwenzake wa dume mfupi ameshaanza kuweka mafuta. Ndiyo maana wataalamu hupima kimo kwenye nyonga: uzito hupanda na kushuka kwa malisho ya msimu, kimo hakirudi nyuma.

Lakini dume hatoi kila kitu.

Mwaka 1958, watafiti Joubert na Hammond walichapisha matokeo ya kuchanganya South Devon, ng'ombe mkubwa wa Uingereza, na Dexter aliye mdogo sana. Ndama waliobebwa na mama Dexter walizaliwa wepesi kuliko waliobebwa na mama South Devon, ingawa damu ilichanganywa nusu kwa nusu pande zote. Tumbo la mama huweka mpaka, kisha maziwa yake huamua mengi hadi ndama anapoachishwa. Mchango wa baba huonekana wazi zaidi baada ya hapo.

Kwa mfugaji wa Tanzania mwenye zebu wafupi, hesabu hiyo inaelekeza kwa ng'ombe wa Boran, anayefugwa pia katika ranchi ya Kongwa ya Kampuni ya Ranchi za Taifa (NARCO). Ni mkubwa kuliko zebu wa kienyeji, na bado anahimili jua na ukame. Dume mkubwa wa Ulaya ni habari nyingine: mtamba mwenye nyonga nyembamba anaweza kukwama wakati wa kuzaa, na ndama akipona atahitaji chakula ambacho machunga ya kiangazi hayana. Hapo urefu wake hubaki mifupa, na mnadani mnunuzi hanunui mifupa.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia dume, uliza ndama wake walikuwa na kilo ngapi walipozaliwa, walipoachishwa na walipotimiza mwaka. Mitamba wanaozaa kwa mara ya kwanza wapandishwe na dume ambaye ndama wake huzaliwa wepesi.